Aliyebaki Siku ya Maziko

Katika kijiji cha Wenning mlango wa mbele haufunguliwi ovyo. Huo ni wa kasisi, wa polisi na wa jeneza. Wengine wote huzungukia nyuma, kwa jikoni, na hodi hawapigi. Huita tu, "Mimi!" na kabla hujaitika mtu ameshashika birika la chai. Percy Garrod aliishi na mkewe Beryl katika nyumba ambayo ufunguo wake hakuna aliyejua uliko, wala aliyewahi kuutafuta.

Percy hakuwa mtu wa maneno. Ujana wake wote uliishia kwenye nyua za miti zinazogawa mashamba. Ile ni kazi ya majira ya baridi. Shina unalikata mpaka linakaribia kutengana, kisha unalilaza ubavu, nalo halifi. Linachipua upya, na kondoo hapiti. Kwa kazi hiyo alijulikana. Kwa mengine yote alikuwa mume wa Beryl, maana Beryl ndiye aliyesema kwa niaba yao wote wawili. Alipita nyumba hadi nyumba na baiskeli yake yenye kikapu mbele, huku anapeleka mayai, kule anachukua habari, na jioni Percy akasimuliwa kijiji kizima bila kunyanyuka kitini.

Beryl alifariki mwezi wa Oktoba, akimenya matufaha. Percy alikuwa ametoka kufungia kuku. Aliporudi, kisu kilikuwa sakafuni.

Wenning ikizika, inazika yote. Duka linafungwa, baa inafungwa, hata fundi wa matrekta anaacha injini iko wazi na kwenda kuvaa tai. Jina la marehemu, siku na saa huandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na kituo cha basi. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Safari hii ubao ulisomwa pia na watu ambao hawakuja kulia.

Katika ibada Percy hakuona kitu. Alisikia kengele, akajua anayevuta kamba ni Reg Kerridge, rafiki yake wa tangu utotoni, kwa sababu Reg huchelewa kidogo kuiachia. Jambo jingine alilolikumbuka lilitokea wakati wa kutoka. Ngazi ya mlango wa kanisa imelika katikati kama kijiko, kwa miguu ya watu wa kale, na Percy akateleza. Mkono wa mtu ukamdaka chini ya kiwiko, ukamsimamisha, ukamwachia. Hakugeuka kutazama ni nani. Mbele yake jeneza lilikuwa likienda.

Baada ya kaburini walikwenda ukumbini, wakanywa chai na kula mikate ya nyama. Ndipo waliporudi majumbani kwao.

Kwa Thelma Nunn, mjane wa nyumba ya jirani, televisheni haikuwepo. Kwa Reg, saa ya ukutani ya mama yake haikuwepo. Shambani kwa akina Pask pikipiki ya magurudumu manne ilikuwa imechukuliwa, na mapipa mawili matatu ya mafuta ya kupashia nyumba joto yalikuwa yamenyonywa yakakauka. Hakuna mlango uliovunjwa. Yote ilikuwa wazi.

Kwa Percy hawakukuta cha maana. Walichukua baiskeli iliyoegemea banda la kuni.

Hakuna aliyemlaumu. Lakini dukani, mwezi uliofuata, alimsikia mtu akisema, "Mimi tangu ile siku ya Beryl hata dirisha nafunga." Mwingine akajibu, "Na sisi, tangu siku ya Beryl." Hawakuwa wakisema juu ya kifo chake. Walikuwa wakisema juu ya wizi. Percy aliuacha mkate wake juu ya kaunta, akaenda zake.

Ukaitishwa mkutano. Askari wa kike alitoka mjini, binti mdogo mwenye mafua, akasimama mbele ya ukumbi na karatasi zake.

"Kwa takwimu zetu," alisema, "Wenning bado ni miongoni mwa vijiji salama kabisa katika wilaya hii. Uhalifu hapa uko chini mno."

"Basi niachie hiyo takwimu mwanangu," Thelma akasema, "nikaiweke sebuleni pale ilipokuwa televisheni yangu. Labda itaonyesha tamthilia."

Watu walicheka. Askari naye akacheka, akapenga kamasi. Kisha akasema milango ifungwe, na saa ya mazishi isiandikwe tena ubaoni.

"Mwizi tunamjua," alisema Pask kutoka nyuma. "Aliyepanda paa la kanisa anazijua njia zetu zote."

Hakutaja jina, na halikuhitajika. Colin, mtoto wa Reg, alikuwa amefungwa miaka ya nyuma kwa kung'oa mabamba ya madini ya risasi yaliyofunika paa la kanisa na kuyauza. Alipotoka jela hakurudi kijijini. Reg alikuwa amekaa benchi moja na Percy. Percy alimwona akiinuka, kinywa kikafunguka, halafu akakaa tena. Mikono yake ilikuwa ikizungusha kofia magotini. Percy hakumwambia neno. Yeye naye siku hizo alikuwa na shida ya kuinua hata kijiko.

Kijiji kizima kilinunua makufuli. Percy alinunua lake. Asubuhi moja ya baridi, akiwa bado kitandani, alisikia kitasa cha jikoni kikizungushwa, kikagoma, kikarudi. Aliposhuka alikuta vitunguu vya majani mlangoni, vya bustani ya Reg, vimefungwa kwa uzi. Reg hakuja tena. Percy alitaka kwenda kwake, akawa anasema kesho.

Mwezi wa Februari, Reg akafa kwa kifua.

Binti yake, Janet, alikuja kupanga mazishi. Ubaoni waliandika jina na siku. Saa ilipelekwa kwa mdomo, mlango kwa mlango, kama siri ya vita. Na mtu mmoja akatakiwa abaki barabarani kulinda nyumba.

"Nitabaki mimi," Percy alisema.

Thelma akamkodolea macho. "Wewe? Wewe na Reg mmevuta kamba moja tangu mna meno ya utotoni! Na ndiye aliyempigia Beryl kengele."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini, Percy?"

Tangu Oktoba hakuwa ameingia mle kanisani. Siku moja alifika mpaka mlangoni, akaishika pete ya chuma ya kufungulia, ikawa baridi mkononi, akarudi. Alijua kabisa kwamba Reg anamdai kusimama karibu yake siku hiyo. Alijua pia kuwa miguu haitamfikisha. Ulinzi ulimpa mahali pa kujificha, tena kwa heshima.

"Haya," Thelma alisema taratibu. "Basi vaa soksi mbili. Hatutaki kuzika wawili wiki moja."

Siku yenyewe Percy alitoa kiti cha jikoni, akakiweka njiapanda, mkabala na ubao wa matangazo. Pale huwezi kuingia Wenning usionekane. Alikaa na fimbo yake na chupa ya chai. Watu walimpita wamevaa nyeusi, mmoja mmoja akamgusa bega. Kijiji kikabaki kitupu. Paka wa baa alivuka barabara. Kengele ikaanza, na aliyekuwa akiivuta hakuchelewa kuiachia. Percy akainamisha kichwa.

Ndipo lilipotokea gari. Kigari cheupe cha mizigo, kimechakaa, kinakuja polepole kutoka upande wa mashambani kama mtu anayetafuta kitu. Percy aliinuka. Alikwenda akasimama katikati ya njia, fimbo mbele yake. Alikuwa mzee na alijua gari likitaka litapita. Hakusogea.

Gari likasimama. Kioo kikashuka.

"Anko Percy," sauti ikasema. "Ni mimi."

Alikuwa Colin. Kichwa kimepungua nywele, na shati jeupe limefungwa mpaka kooni. Tai ilikuwa juu ya kiti cha abiria.

"Zima gari," Percy alisema.

Akazima. Kengele ilisikika vizuri zaidi.

"Wanamzika sasa hivi, sivyo?"

"Janet hakukwambia?"

"Janet hasemi na mimi tangu lile paa. Nesi ndiye aliyenipigia kuniambia kafa. Nikaja kusoma ubao. Siku ipo, saa hakuna." Colin alicheka kicheko kikavu. "Tangu asubuhi nimeegesha kule kwa Pask kwenye lango la shamba, nasubiri kengele. Nikajisemea, nikiisikia nitajua."

Percy aliutazama ubao nyuma yake. Jina la Reg, siku, kisha nafasi tupu.

"Unalinda nyumba," Colin akasema.

"Ndiyo."

"Dhidi yangu."

"Dhidi ya watu."

"Usinipake mafuta, Anko. Najua ninavyosemwa."

Percy akasogea mpaka dirishani. "Basi nikuulize mara moja tu, na unijibu. Siku ya Beryl ulikuwa wapi?"

Colin hakuyatoa macho kwake. "Kanisani. Niliingia mkishaingia, nikasimama nyuma, kwenye kamba za kengele, pamoja na baba. Anti Beryl aliniandikia jela kila Krismasi, aliniletea na keki ya matunda ngumu kama tofali. Nisije kumzika?"

"Reg alikuona."

"Tulikuwa bega kwa bega."

"Mbona hakusema? Mkutanoni aliinuka. Nilimwona."

"Nilimkataza. Angewaambia nilikuwa mle ndani, wangesemaje? Wangesema nilikuja kuhakikisha wote mpo, niwapigie wenzangu simu." Akaushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limezimwa. "Alitaka sana kusema. Alikuwa akiniambia kwenye simu: Percy nikimweleza ataelewa. Halafu siku moja akanambia ulikuwa umefunga mlango."

Percy aliviona akilini vile vitunguu, na uzi wake.

Hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli. Polisi wangetaka shahidi, na shahidi alikuwa ndani ya sanduku pale juu kilimani. Nyumba zote za Wenning zilikuwa nyuma yake, amekabidhiwa. Kengele ilikuwa imeanza kupunguza mwendo, na ikinyamaza mlango wa kanisa hufungwa.

"Nenda basi," alisema. "Njia si unaijua."

Colin alishuka, akavaa tai, ikakaa upande. Alipiga hatua chache, akasimama.

"Siwezi kuingia mle peke yangu, Anko. Wote watageuka."

"Hata mimi siwezi," Percy alisema.

Walitazamana. Kisha Percy akavua kofia yake, akaiweka juu ya kiti pale njiapanda, na chupa ya chai pembeni. Asingekuwepo mtu, angalau ingekuwepo kofia.

Walipanda kilima. Vijiua vyeupe vya Februari vilikuwa vimetoka kando ya makaburi, hata kwa Beryl, ambako Percy hakupanda kitu. Kengele ilinyamaza walipofika. Percy akashika pete ya chuma. Ilikuwa baridi vilevile. Akaizungusha, mlango ukafunguka, akanyanyua mguu, na mguu ukaikosa ile ngazi.

Mkono ukamdaka chini ya kiwiko.

Ulimsimamisha, ukasubiri kidogo, ukamwachia. Percy alibaki pale mlangoni. Mwili uliujua mkono ule kabla kichwa hakijautambua. Ulishika palepale, kwa nguvu ileile, na uliachia vilevile, kwa kuchelewa kidogo, kama baba yake Colin alivyokuwa akiachia kamba ya kengele.

"Ngazi hii," Colin alinong'ona. "Siku zote."

"Ndiyo," Percy alisema.

Vichwa viligeuka, vyote, kama Colin alivyosema. Janet mbele alimwona kaka yake na akashika ukingo wa benchi. Kasisi akaacha kusoma. Percy alitembea katikati ya kanisa, mtoto wa Reg ubavuni mwake, mpaka benchi la Thelma, ambalo lilikuwa na nafasi.

"Wewe!" Thelma alinong'ona, nong'ono la kusikika mpaka madhabahuni. "Nani amebaki na nyumba?"

"Hakuna."

"Hakuna? Percy!"

"Siku ya Beryl huyu alikuwa humu ndani na sisi," Percy alisema. Hakunong'ona. Watu wengi hawakuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu kiasi hicho kanisani. "Alinishika nisianguke. Sogea, Thelma."

Thelma alimtazama Colin, tai yake ya upande, mikono yake mikubwa. Akamtazama Percy. Mkoba wake ulikuwa kwenye benchi, baina yake na ile nafasi. Akauinua. Alikaa nao kidogo mapajani, ameukumbatia. Kisha akainama, akauweka chini sakafuni, upande wa Colin, akasogea.