Gunzi Aliyekimbia Jiko

Wiki iliyopita nilikuwa Uyole nasubiri basi la Iringa, nikaingia kwenye mgahawa mmoja ninywe chai ya maziwa kuondoa baridi. Juu ya friji kulikuwa na televisheni, na ndani yake gunzi la mahindi lenye miguu ya njiti za kiberiti lilikuwa linakimbia kutoka jikoni. Nilibaki nimeshika kikombe tu. Gunzi lile nalijua. Miguu yake niliichomeka mimi.

Wateja walikuwa wanacheka, ila hawakuwa wanamcheka gunzi. Walikuwa wanamcheka DJ, yule mtafsiri wa filamu, aliyekuwa anapayuka juu ya picha habari za mama mkwe wake na timu yake ya mpira. Dada mhudumu alidhani mimi ni mgeni wa filamu hiyo, akashangaa. Alisema Uyole nzima wanayo kwenye flashi, na watoto wanayajua maneno yake kwa kichwa. Nikamuuliza ilitengenezwa na nani.

"Si DJ huyo, dada."

Ngoja nikueleze wewe, maana nisipomweleza mtu nitapasuka.

Ilitengenezwa Kihesa, mjini Iringa, kwenye stoo ya mwalimu wetu wa sanaa. Alikuwa ameandika mlangoni kwa rangi ya bluu: Studio ya Magunzi. Vifaa vyake vilikuwa kamera ndogo, kompyuta iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga, na sisi watoto wa jirani. Unasogeza gunzi kidogo, unatoa mkono, anapiga picha. Unasogeza tena. Alasiri nzima inaisha na gunzi amevuka meza tu. Tulikatazwa hata kupiga chafya. Hadithi yenyewe ilikuwa ya gunzi lililokataa kuwa kuni, na kila mtoto aliyewahi kutumwa kuchochea moto aliielewa papo hapo.

Sasa kwetu magunzi ni kuni kweli. Siku moja nilimchukua mhusika mkuu nikamrekebishe miguu nyumbani, nikamwacha karibu na mafiga, na bibi akamtumbukiza motoni makande yaive. Mwalimu alikuja kulalamika, masikini, karibu alie. Bibi alijitetea kwa maneno makali na ya kuchekesha, kwa kile Kiswahili chake chenye Kihehe ndani yake, mpaka mwalimu akasahau hasira. Akamwomba awe sauti ya Chungu, yule mzee wa jikoni anayemshauri gunzi akimbie. Mimi nikapewa gunzi jingine nilichomekee miguu.

Walirekodi jikoni kwa bibi. Siku hiyo nilichelewa, nikaingia kwa pupa na kuacha mlango wazi, bibi akanigombeza katikati ya maneno yake. Tukaomba yafutwe. Mwalimu akakataa, akasema Chungu ndivyo anavyopaswa kuongea.

Ilipokamilika, ilionyeshwa Jumamosi mchana kwenye banda la video. Baada ya robo saa watu walianza kutoka, wakiuliza DJ yuko wapi. Mwenye banda naye alimwambia mwalimu kwamba filamu isiyotafsiriwa ni ugali mkavu, na akaituma Mbeya kwa DJ. Filamu ya Kiswahili, jamani. Ikatafsiriwa kwa Kiswahili! Mpaka leo sijapata wa kunieleza alikuwa anamtafsiria nani.

Iliporudi, banda lilijaa pomoni. Bibi alikaa benchi la mbele na kitenge kipya, mikono mapajani, akisubiri kujisikia. Chungu kikaonekana, midomo yake ikafunguka, na DJ akaanza habari za mama mkwe. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Njiani kurudi nyumbani bibi akaniuliza, "Kwani mimi nilisema saa ngapi?"

Mvua za mwaka ule radi ikaipiga kompyuta ya mwalimu, na nakala iliyokuwa na sauti zetu ikaenda nayo. Mwalimu alifuta maandishi ya mlangoni, akarudi kwenye kilimo cha viazi huko Kilolo. Bibi alifariki nikiwa sekondari. Picha zake tunazo. Sauti yake hatuna popote, isipokuwa chini ya kelele za huyu bwana. Mara ngapi nimeitafuta filamu hii bila DJ, na mara ngapi nimeambiwa bila DJ haina ladha!

Basi nikamwomba yule dada arudishe nyuma pale jikoni, nikapanda kwenye kiti, nikaweka sikio kwenye spika. Wateja walinitazama kama mwehu. DJ aliongea, akaongea, akaongea. Halafu ikasikika glasi ikigonga meza, DJ akinywa maji, na kwenye kile kimya kidogo akatokea bibi, amekasirika, mzima kabisa:

"Funga mlango, wewe. Baridi yote inaingia."

Kisha DJ akarudi, na mgahawa ukacheka. Mwalimu aliyeitengeneza hatajwi na mtu. Sauti zetu zote zimefukiwa. Ya bibi yamebaki maneno sita, tena yamebaki kwa sababu DJ alikuwa na kiu.