Nyumba Ambayo Emong Hakuipima

Emong hakuwa mhandisi. Alikuwa fundi mwashi wa Adungosi, na majirani walimpa kazi ya kusema maji yatafika wapi bwawa la samaki la kikundi chao likipasuka, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mpira mrefu mwangavu wa maji, ule wa kusawazisha misingi. Aliujaza maji akapima kila kizingiti kimeinuka kiasi gani juu ya kijito. Kisichofika kimo cha kifua alikipiga rangi nyekundu.

Nyumba zilikuwa sita. Alipima tano. Ya sita ilikuwa ya mama mkwe wake, na kwa mila yao mkwe mwenye adabu hasogei mlangoni pale. Aliitazama kutoka njiani, akasema iko juu. Kila mtu akaridhika, na wengine wakamsifu kwa heshima yake.

Mvua ikapiga siku tatu. Wanakikundi walikuwa wamefunga wavu wa waya kwenye mfereji wa kupunguza maji ya bwawa, eti samaki wao, ngege, wasitoroke, na sasa majani yalikuwa yameuziba. Emong aliung'oa kwa mikono, akijilaani kwa kunyamaza walipoufunga. Kisha akaona chini ya ukuta wa bwawa: maji yaliyokuwa yakivuja meupe wiki nzima yalitoka mekundu, yamebeba udongo. Ukuta ulikuwa unaliwa kwa ndani.

Alipiga kelele, na watu wa nyumba nyekundu wakahama. Angepumzika, lakini moyo ulikataa kutulia. Macho si kipimo, na fundi gani asiyejua hilo? Akabeba mpira, akashuka mbio mpaka kwenye kizingiti cha mama mkwe wake. Akapima. Kilikuwa juu ya kijito kwa kimo cha goti tu.

"Mama, toka! Maji itafika hapa!"

"Emong? Ni wewe uko mlangoni yangu?" Sauti ya ndani ilishtuka. "Binti yangu Brigid ako wapi?"

"Ako Malaba sokoni. Simu haishiki."

"Mguu imekataa. Siwezi tembea."

Emong alisimama kizingitini. Mvua haikumngoja.

"Basi ingia," mama akasema, "lakini geuza uso."

Aliingia kinyumenyume, akainama. Mama akajifunika leso kichwani, akampanda mgongoni. Walipanda kilima mbele ya majirani wote, aibu ikimchoma masikio, na mzigo ulikuwa mwepesi kuliko mfuko wa simiti.

"Ulisema nyumba yangu iko salama," mama alimwambia kisogoni.

"Nilidanganya, mama. Sikupima. Niliogopa watu watasema sina adabu."