Fahali Aliyeitwa Guku

Nilipokuwa mtoto kule Zagayu, nilimchukia baba yangu kuliko nilivyomwogopa fisi. Nasema hivyo bila haya. Alikuwa mtu wa fimbo, na fimbo yake haikuuliza nani kakosa.

Wiki tuliyomzika babu, ng'ombe wetu mmoja alizaa ndama dume, kisha akafa. Bibi, mama mzazi wa baba, alilitazama baka jeupe kwenye paji la yule ndama, akasema mumewe amerudi. Tukamwita Guku, yaani Babu. Ng'ombe wa mizimu hauzwi, hahasiwi, hafungwi nira. Nikakabidhiwa mimi nimlee, kwa maziwa ya kuomba na uji wa mtama.

Lakini miaka ile biashara ya pamba ilikuwa imeachiwa huru, kila mwenye lori ni mnunuzi, na wanaume wakaingiwa na wazimu wa kupanua mashamba. Baba alihitaji maksai mwingine wa kuvuta plau. Kila Guku alipopita, alimkodolea macho.

"Kula, mzee. Utalima."

Nikaapa kumkomesha baba. Machungani nilikivika kisiki koti lake la kijivu, lile la kulimia msimu wa mvua ambalo kiangazi lilining'inia tu msumarini, nikamfundisha ndama kulipiga kwa kichwa. Kila akipiga, nilimlambisha magadi. Miaka mitatu, kila kiangazi, mchezo ulikuwa huo huo, mpaka pembe zikakomaa na koti likatoboka. Nikalirudisha kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho.

Guku alipokuwa fahali kamili, baba aliita wanaume, wakamwangusha, wakamhasi. Bibi alisimama mlangoni mwa zizi.

"Umemhasi baba yako," alisema. "Huyo atakuvunja."

"Mayu, nenda jikoni," baba alimjibu mama yake.

Jeraha lilipona, mvua za kwanza zikaja. Asubuhi ya kumfunga nira ilikuwa ya baridi, baba akavaa koti. Guku alipoliona tu, aliinamisha kichwa. Nyonga ya baba ilivunjika.

Hakuna aliyetaja koti. Kijiji kizima kilikumbuka maneno ya Bibi, kisha kikakumbuka macho yake mekundu. Sijui walitaka mwanamke aliyepikia kinyesi kikavu cha ng'ombe maisha yake yote awe na macho ya namna gani. Baba alisema akiwa kitandani, mbele ya watu, "Mayu ameniroga." Wadogo zake wakaja na mapanga, wakampa mama yao muda, mpaka jua kuzama awe ameondoka.

Ningeweza kusema. Niliogopa fimbo ya mtu asiyeweza hata kusimama.

Bibi alifunga mzigo wake aende kwa kaka yake, kijijini Bukundi. Akaniita pembeni.

"Lile koti nililishona mimi," alisema. "Nilikuona kule kisikini. Ng'wanawane, mwanangu, usiwaambie. Mimi nimeshazeeka."

Kumbe pale mlangoni mwa zizi hakuwa anabashiri. Alikuwa anamwonya mwanawe bila kunitaja.

Alifia Bukundi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumzika. Baba alichechemea miaka mingi. Juzi tulipomzika yeye, wazee walisimulia tena jinsi alivyorogwa na mama yake mwenyewe, nami nilikuwa nikiwagawia chai. Umri wangu umevuka arobaini, mwenye fimbo yuko kaburini, na aliyemfundisha Guku namjua.

Nikawauliza nani aongezewe sukari.