Gari Tupu Lililotukana Watu Ndia Kuu

Siku gari letu la trole liliposhuka mbio barabara ya Ndia Kuu, watu wa barazani waliapa kwamba ndani hamkuwa na mtu. Na bado lilikuwa likitukana.

Wengine walisoma Ayatul Kursiy. Wengine waliingia ndani wakakomea milango.

Jamani, hakuwa jini. Nilikuwa mimi.

Ngojeni nianze mwanzo, maana kila nikikumbuka roho hunipanda upya.

Mimi ni Shariffa, wa Kibokoni. Mume wangu Awadh ana duka la vitambaa Ndia Kuu. Miaka hiyo mtu mwenye uwezo hapa Mombasa alikuwa na trole yake: kigari kidogo juu ya reli, kiti kimoja na paa, wanaume wawili wanasukuma kwa nyuma. Letu lilikuwa na mapazia pande zote, kwa kuwa ni la wanawake wa nyumba.

Lakini lilikuwa linarusha, msiniulize! Ukishuka unajishika kiuno.

Binti yetu Afaf alikuwa ameolewa upande wa Kilindini, na siku zake za kujifungua zilikuwa karibu. Mtoto wa kwanza mtu humzalia kwa mamake mzazi, ndiyo ada yetu. Tulipanga kumleta Ijumaa.

Awadh akasema mwanawe hatarushwarushwa kama gunia. Akamwita fundi Jaffar, atie springi chini ya kiti.

Springi zenyewe zilikuwa raha. Ukikaa unazama kidogo, halafu safari nzima unabembea. Shida ilikuwa breki.

Breki ya trole ni kipande cha mti kinachobana gurudumu. Msukumaji akipanda nyuma kwenye mteremko, anavuta mkono wa chuma. Mkono unavuta mnyororo unaopita chini ya kiti, mti unabana, gari linasimama. Jaffar alipotia springi zake, mnyororo ukawa unaning'inia. Akaufunga juu kwa waya, akapangusa mikono, akasema tayari.

Nikawa wa kwanza kulipanda.

Ko. Ko. Ko.

Chini yangu mnyororo unagonga chuma. Nikainuka kuchungulia. Kimya. Nikakaa tena. Ko, ko, ko.

Tulipofika mteremkoni, Ngumbao, msukumaji wetu, akavuta breki mpaka mwisho na gari likazidi kwenda. Yeye na mwenzake Kitsao wakaruka chini, wakalizuia kwa mabega.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Awadh, "Baba Afaf, lile gari bovu. Mnyororo unalegea mtu akikaa."

Akamwita Jaffar. Jaffar akavuta breki mbele ya mlango, gari likiwa tupu. Ikabana, kisawasawa.

"Mwambie bibi hakuna kitu," akasema.

Mwambie bibi! Nami nipo nyuma ya mlango, namsikia!

"Muulize," nikamwambia Awadh, "nani alikuwa amekaa?"

"Hakuna aliyekaa," Jaffar akajibu.

"Basi mtu akae, mujaribu tena."

Awadh akanitolea macho. "Kiti cha wanawake wa nyumba yangu, akae mwanamume? Watu watasemaje?"

"Tia gunia la mchele."

"Juu ya mto wa mahameli? Mama Afaf, sikiza. Fundi amejaribu. Wewe ni uoga wako tu."

Nilitamani kulia kwa hasira. Mpaka Jumatano hawa watu walikuwa wamelijaribu gari mara tatu, mara zote tupu, na mara zote likawa zima. Kwa adabu zao hakuna aliyethubutu kukaa pale, na mimi niliyekaa naambiwa ni mwoga. Na Ijumaa atakaa Afaf, na tumbo lake.

Alhamisi asubuhi Awadh akaagiza lijaribiwe mara ya mwisho, kwenye mteremko wenyewe, kisha akaenda zake dukani. Ngumbao na Kitsao wakawa wanamalizia kahawa.

Nikavaa buibui langu. Nikatoka kwa mlango wa uani, nikaingia garini, nikateremsha mapazia. Nia yangu ilikuwa moja tu: waisikie ile ko, ko, ko kwa masikio yao, nami nitoe kichwa niseme, "Haya!"

Wakaanza kusukuma.

"Leo mbona zito?" Kitsao akauliza.

"Ni hizo springi," Ngumbao akajibu.

Mnyororo ukagonga njia nzima. Kumbe wao nyuma, kwa kelele za magurudumu, hawakusikia lolote. Kabla sijatoa kichwa tukawa tumefika juu ya mteremko, na Jaffar anatungoja.

"Liachieni liende mbio," akasema. "Nataka bwana aone breki yangu kutoka dukani kwake."

Likaachiwa.

Ngumbao alikuwa peke yake kwenye kikanyagio cha nyuma. Nikamsikia akivuta. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Haishiki!" akapiga ukelele. "Fundi, haishiki!"

Nyumba zikapita mbio. Mbele kuna wapagazi na mizigo yao juu ya reli. Hapo ndipo nilipoanza kutukana, nikaanza na Jaffar nikaenda mpaka kwa mume wangu.

Ngumbao aliposikia sauti ndani ya gari tupu akataka kuruka.

"Ngumbao! Ni mimi, bibi yako! Vuta usiachie!"

Nikajitupa chini kwenye ubao wa miguuni, nikakiacha kiti.

Kiti kikapanda. Mnyororo ukakazika. Mti ukabana gurudumu kwa ukelele uliosikika mpaka bandarini, na gari likasimama, pale pale mbele ya duka la Awadh.

Yule Jaffar alikuwa ameufunga mnyororo kwenye kiti! Kwenye kitu kinachopanda na kushuka!

Awadh akaja mbio. Mnadhani aliuliza kama nimeumia?

"Nani amekuona?" akanong'ona.

Nilichoka. Nikamwambia kupitia pazia, "Hakuna aliyeniona. Mapazia haya yanaficha vizuri mno. Basi nami nashuka niingie dukani, na wewe panda ukae. Hapana mwanamume atakayekuona."

Sijui alisoma nini katika sauti yangu. Alipanda.

Wakamsukuma hadi mwisho wa mtaa na kurudi, mume wangu na ndevu zake, nyuma ya mapazia ya wanawake. Jirani mmoja akapita, akasimama kwa heshima zake zote. "Sabalkheri, Bi Shariffa. Afaf hajambo?"

Mnyororo ndio uliomjibu. Ko, ko, ko.

Aliposhuka alikuwa mwekundu. "Jaffar," akasema, "ufunge mnyororo kwenye ubao wa chini. Ubao hauendi popote."

Ukafungwa. Ijumaa Afaf alikuja akiwa amelala usingizi kitini, wala hakuna kilichogonga. Mjukuu wangu alizaliwa salama, alhamdulillahi.

Na mimi? Jioni ya arubaini ya mtoto nilimsikia Awadh barazani, nami nipo nyuma ya mlango kama kawaida.

"Mimi nilikaa tu," anawaambia wenziwe, "nikasikia ko, ko, ko. Hapo hapo nikajua."

Mpaka leo wanamsifu kwa masikio yake.

Basi nawaambia nyinyi: kitu cha kubeba mtu kijaribuni na mtu juu yake. Na anayekikalia akisema kinagonga, basi kinagonga.