Sombe ya Byamugisha

Njaa ya Byamugisha si kama ya watu wengine. Njaa yake ina anwani: inakaa Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, chini ya turubai, kwenye hoteli ya Night, mama wa Kikongo anayepika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na samaki mkavu. Saa ya chakula ikifika, madereva wa malori wapige kelele mpaka wachoke. Wakala wao wa forodha ameinamia sahani.

Kula si kosa. Kosa lake lilikuwa kurudi nyumbani Bwera jioni na kumsimulia mkewe.

"Mackline, ile sombe ya Night! Inateleza yenyewe kooni, kama imetumwa."

Hayo anamwambia huku mkono wake umezama kwenye bundu, ugali wa muhogo aliosongewa na Mackline huyo huyo. Mtu wa Mbarara, aliyelelewa kwa matoke, anamfundisha Mukonzo, mzaliwa wa milima ya Rwenzori, majani ya muhogo! Bado kidogo angemwonyesha na mlima ulipo.

Mackline alivumilia. Majirani ndio walioshindwa. Wakaanza kusema huyu hafuati majani, anamfuata mwenye majani. Basi Jumapili moja, baada ya ibada, akamweka mumewe chini mbele ya kaka yake, Kathembo.

"Baba Davis, kama kweli ni sombe, ipike hapa tuonje. Ikitoka vile unaisifu, nenda Mpondwe ukale mpaka uzeeke. Ikikushinda, chakula cha mchana utabeba kutoka jiko langu."

"Hiyo tu?" Byamugisha akacheka. "Kila siku naangalia ikipikwa."

Kumbe alichokuwa akiangalia ni mpishi. Kesho yake ilibidi amuulize Night siri yake.

"Papa, siri iko wapi? Unaponda, unatokosha, unatia mawese. Hata mutoto anajua."

Jumamosi akafukuza wanawake jikoni. Akachuma majani kwenye mihogo michungu nyuma ya nyumba, akayatwanga kidogo, kwa adabu, maana alikuwa na shati jeupe. Maji yalipochemka mara moja akaipua, kama mtu anayepika mchicha. Sombe hutaka kuchemka mpaka mpishi asahau kwa nini aliiweka motoni. Ya kwake ilitoka kijani, inang'aa kama lori lililopakwa rangi jana, na mawese yakielea juu.

Kathembo akachungulia sufuria. "Shemeji, hii umepika au umeosha?"

"Hizo ndizo vitamini."

"Usile," Mackline akasema, na sasa hakuwa na utani. "Haijaiva. Hayo majani ni sumu, yatakuzungusha kichwa."

Lakini mwanamume ameshajisifu, afanyeje? Akameza tonge la kwanza. La pili. Akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Tamu." Tonge la tatu halikufika, yaliyotangulia yalitoka kulipokea. Alimalizia sifa zake nyuma ya migomba, Kathembo amemshika kiuno.

Siku iliyofuata Mackline akaingia jikoni mwenyewe. Akatwanga mpaka kinu kikalalamika, akaacha sufuria wazi ichemke mchana kutwa, akatenga.

"Sema sasa, Baba Davis. Ya nani ni tamu?"

Byamugisha, anayeweza kumdanganya afande wa mpakani bila kupepesa macho, alionja, akaonja tena. Ilimpita Night mbali, na hapo ndipo palipouma. Akisifu ya Night, atalala njaa. Akisifu hii, kwa Night anafuata nini?

"Ya hapa," akasema, kwa sauti ya mshtakiwa.

Tangu hapo anapanda boda kila asubuhi na bakuli mapajani. Jumatatu sombe, Jumanne sombe, Ijumaa sombe. Juzi Kathembo alimkuta kwenye kivuli cha lori, amelifunua bakuli, analitazama kama tangazo la kifo.

"Shemeji, si unaipenda?"

"Naipenda, shemeji yangu. Lakini mwambie dada yako, mutu anaweza kula hata maharage."

Kathembo alifikisha ujumbe. Mackline akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaongeza mawese kwenye sombe.