Spana Mbili za Namba Kumi

Mwaka wa pili wa mafunzo ya ufundi ndege nilipoteza spana namba kumi. Karakana tuliyofanyia mazoezi ilikuwa na ubao ukutani, kila kifaa kimechorewa umbo lake, na ndege haikuruhusiwa kutoka mpaka maumbo yote yajae. Ijumaa hiyo umbo moja lilibaki tupu, na zamu ya kukagua ilikuwa yangu. Nilitia alama kwenye fomu kwamba vifaa vimetimia, nikarudi Kariakoo.

Nilikuwa naishi kwa mjomba, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Aliuza spana na beringi. Nilipomweleza hakuona tatizo. Alipekua boksi, akatoa spana ya aina ileile, akaikwaruza sakafuni mpaka ikapoteza upya, kisha akachonga namba ya karakana kwa msumari. Sokoni kwetu kitu kikipotea unatafuta kinachofanana nacho, yanaisha.

Jumatatu niliiweka ubaoni kabla wenzangu hawajafika. Ilikaa vizuri. Ndege ndogo tuliyoihudumia Ijumaa ilikuwa bado ndani, ikitakiwa kuruka saa nne. Nilifagia. Nilikunja matambara. Rubani alikuwa akiizunguka ndege, anagusa bawa huku akiongea na simu kuhusu mechi ya jana. Saa tatu na nusu nilimwendea mwalimu.

"Mwalimu, spana namba kumi iliyopo ubaoni siyo yenyewe."

Aliitoa, akaigeuza upande wenye namba. Aliuliza ile nyingine iko wapi. Nikasema sijui.

Hakupaza sauti. Rubani aliambiwa asubiri, tukaanza kufungua vifuniko vya bawa kimoja kimoja. Kwenye saa saba tuliipata, imelala kando ya nyaya za chuma zinazogeuza ndege. Ingesogea kidogo tu, zingekwama. Mwalimu aliimulika kwa tochi mpaka alipohakikisha nimeiona.

"Umesema kabla haijaruka, hilo nitaliandika," alisema. "Uliweka nyingine, na hilo nitaliandika."

Barua ya kuniondoa kwenye mafunzo ilikuja wiki ileile. Nilitegemea nitahisi kitu, sikuhisi. Mjomba aliisoma mara mbili, amesimama dukani.

"Sasa mjomba, si umewarudishia mpya? Wanataka nini tena?" aliniuliza.

Nilianza kumweleza habari za nyaya. Mteja akatukatiza, anataka beringi ya pikipiki. Mjomba alinitazama. Nilijua zilipo, rafu ya tatu, nikaenda kumletea.