Pijo Alilokataa Kushuka Shangazi

Gari la babu yangu ulilinusa kabla hujaliona. Uani kwetu Kator, jua likishapanda, harufu ya mafuta ya taa yaliyooshewa vyuma ilichanganyika na ya sponji kuukuu ya viti na mavi ya kuku, ikapenya ua wa mabati mpaka barabarani, na wapita njia wakakunja pua. Mimi sikukunja. Nilizaliwa Uganda, wazazi wangu walikokimbilia vita, na tuliporudi Juba nikiwa msichana wa darasa la nne sikuwa na kumbukumbu hata moja ya mji huu. Watoto wa mtaa waliniita Mganda, na nilipowajibu walicheka matamshi yangu. Basi nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kwenye gari la babu, nikafunga ule mlango mmoja uliokuwa bado unafungika, nikaketi. Humo ndani nilikuwa mtu wa hapa kama mtu mwingine yeyote, na asiyetaka, shauri lake.

Lilikuwa pijo la zamani, lile refu nyuma lenye safu tatu za viti, ambalo babu alilifanyia teksi kabla sijazaliwa. Babu alipofariki na vita kuzidi, baba na mama walivuka mpaka. Dada mkubwa wa baba, Shangazi Jokudu, alikataa kwenda. Alibaki Kator miaka yote ile, na gari likabaki naye. Aling'oa usukani akauficha chini ya kitanda chake, asije mtu akaliendesha bila ruhusa, kisha akafugia kuku humo. Wenye bunduki walipokuja kuuliza kama kuna gari, aliwafungulia mlango akawaonyesha kuku wanavyotaga kwenye kiti cha dereva. Tuliporudi, kabla hata ya chai, alimshika baba mkono akampeleka nyuma ya nyumba kuliona. Baba alilia mbele yetu sote bila kuona haya, akaapa kwamba atalirudisha vilevile lilivyokuwa siku za babu, mpaka rangi yake ya maziwa.

Lakini sitaki kupaka mambo asali. Baba na dada yake hawakuwa wakipatana. Siku zile mji mzima waliobaki na waliokimbia walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni, na nyumba yetu haikuwa tofauti. Shangazi alikuwa mtu wa Kiarabu cha Juba, sisi tulirudi na Kiswahili na Kiingereza cha Uganda. Yeye alimimina rojo la kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, juu ya sahani ya chuma tangu alfajiri, sisi tukaulizia matoke. Baba akitoa maoni juu ya jambo lolote, liwe paa linalovuja au kiwanja kilichomegwa na jirani, Shangazi alimuuliza kwa upole kabisa jambo hilo likitokea yeye alikuwa wapi. Palipokuwa na amani ni pale penye gari tu. Baba akiwa amelala chini ya injini na Shangazi amekaa kwenye stuli akichambua mboga, waliweza kumzungumzia baba yao saa nzima, wakabishana alivyokuwa akipiga honi na abiria gani aliwabeba bure, na mimi nikisikiliza kwa ndani nikajikuta nina babu.

Kiangazi cha mwaka wetu wa pili kazi ilikwenda mbio. Fundi Okello, Mganda mwenye gereji kule Buluk, alikuwa ameamsha injini ikaunguruma juu ya mawe na kututimulia kuku wote. Iliyobaki ilikuwa raki ya usukani, ule mtambo unaogeuza magurudumu ya mbele, maana ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Baba akaagiza Kampala, kama alivyoagiza kila kitu. Ilipofika, ikiwa imefungwa kwa gunia na kunukia grisi mpya, majirani walikuja kuitazama. Okello akaipeleka chini ya gari, akahangaika, akatoka, akarudi tena, kisha akakaa chini akafuta mikono, akasema haiingii. Uganda magari hupita kushoto na usukani huwa kulia. Kwetu ni kinyume chake, na pijo la babu lilikuwa la kwetu. Baba alijua hivyo vizuri. Ila alijifunzia gari uhamishoni, na haikumpitia akilini kwamba mtambo wenyewe una upande. Mtaa mzima ulipata kicheko cha wiki. Walisema mtu wa Uganda amerudi na anataka na barabara zigeuke zimfuate.

Okello alisema dawa ni moja: kukata sehemu ya mbele na kuhamishia usukani kulia. Baba alikataa katakata. Alisema gari likishakatwa si la baba yake tena, na kama haliwezi kuwa vile lilivyokuwa, bora lisiwe. Mfanyabiashara mmoja aliyeahidi kutuletea raki ya upande wetu kutoka Khartoum alipotea na ahadi yake. Kwa hiyo pijo likakaa juu ya mawe, boneti wazi, vumbi likiingia. Kuku walirudi. Na baba na Shangazi, ambao sasa hawakuwa na pa kukaa pamoja, walirudi kwenye kununiana. Mimi niliichukia ile raki kuliko nilivyowachukia watoto walioniita Mganda.

Ndipo akatokea mwenye hoteli moja ya Hai Amarat, Mkenya mnene mwenye tabasamu la haraka, akalitaka gari. Hakutaka litembee. Alitaka kulisimamisha kwenye geti lake, apande maua ndani ya injini, wageni wajipige picha. Baba alikubali bila hata kuvuta kiti. Nadhani alikuwa amechoka kuliona kila asubuhi. Siku waliyokuja na lori la kulivuta, Okello naye alikuwepo kufunga minyororo, na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Shangazi. Alitoka chumbani amevaa lawa yake ya kanisani, shuka iliyofungwa begani kwa fundo safi, akawatoa kuku mmojammoja bila haraka, akaingia kiti cha nyuma akaketi. Mimi nikazunguka upande wa pili nikaingia pia. Mama aliniita, nikajifanya kiziwi.

Mwenye hoteli aliinama dirishani na tabasamu lake. "Mama, hii gari tutaitunza vizuri sana. Tutaipaka rangi, tuiweke pale kwa geti, wageni wakuje waione."

"Kwes, vizuri," Shangazi akamjibu. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuokota sokoni, maana alitaka wote wamwelewe bila mkalimani. "Wewe beba arabia, hii gari, beba na mimi. Hapo kwa geti mimi nitalala upande gani?"

Wapagazi wa lori walicheka. Mwenye hoteli hakucheka. Baba alikuja kusimama karibu na mlango, akamwambia dada yake kwamba anamtia aibu mbele za watu, kwamba gari limeshindikana na hakuna mtu asiyejua. Shangazi alimtazama. Sikuwahi kumwona ana machozi, na siku ile yalimtoka hali sauti yake haijatikisika hata kidogo.

"Wewe ulienda, mimi nilibaki," alisema. "Watu waliniuliza, unabaki na nini? Nikasema, iko arabia ya baba, iko nyumba, ndugu yangu atarudi. Sasa umerudi, unaifanya sufuria ya maua. Mimi nilibaki kwa sababu gani?"

Baba alisema, kwa sauti ndogo sana, kwamba hawezi kulirudisha lilivyokuwa.

"Na mimi iko kama ile msichana uliacha hapa? Wewe iko kama ile kijana?" Akamgeukia fundi. "Okello, hiyo chuma ya Kampala inaweza kukaa upande wake?"

"Inaweza, mama. Lakini itabidi tukate sana."

"Kata. Khalas."

Baba aliweka mkono juu ya paa la gari. Kisha alimwomba radhi mwenye hoteli, akamsaidia Okello kufungua minyororo kwa mikono yake mwenyewe. Yule bwana aliondoka akitutukana kwa adabu. Kesho yake kelele za msumeno wa chuma zilianza, na baba ndiye aliyelishikilia bati likikatwa.

Kabla mvua hazijaanza pijo lilitembea. Rangi haikuwa ya maziwa sawasawa, na palipokuwa na usukani wa babu palizibwa na bati ambalo Okello alilipiga nyundo usiku na mchana kwa fahari zake zote. Baba aliendesha kutoka kulia. Shangazi alikaa mbele kushoto, mahali ambapo Juba hukaa dereva, ameshika mkoba wake mapajani na kutazama mbele. Watu waliona mwanamke mzee akiwajia barabarani bila kugusa chochote, wakaruka mtaroni. Tulipita mbele ya kanisa kuu, tukapita Buluk, na kila tulikopita walicheka. Shangazi aliwapungia mkono. Baba alikuwa akicheka kuliko wao wote, na walikuwa wanabishana tena juu ya honi.

Sasa wote wawili wamelala makaburini, na pijo ni langu. Amarat imejaa mahoteli marefu kuliko lile la Mkenya, na bado anatokea mtu wa kulitaka gari. Juzi alikuja mmoja anayejua magari ya kale, akalizunguka akitikisa kichwa, akaniambia kukatwa kule kumeliua na halina thamani tena. Nikamwambia amekosea nyumba. Siwezi kudai kwamba mambo yetu ni bora kuliko yalivyokuwa. Siku zile waliokimbia walikuwa wanarudi. Leo nusu ya ukoo imeondoka tena, na mimi niliyebaki naonekana kichaa, kama alivyoonekana Shangazi. Mdogo wangu Wani anaishi Kampala. Mwaka huu injini imekufa, gari limerudi juu ya mawe, na kila akipiga simu lake ni moja: uza hicho chuma, funga nyumba, njoo. Tumeshafokeana mpaka tukakatiana simu. Mara ya mwisho nilimwambia kama anataka liuzwe, basi aje Juba aliuze yeye kwa mkono wake, na akija asije mikono mitupu, aje na ringi za pistoni. Wiki nzima hakupiga simu, nikajua nimempoteza. Jana asubuhi mkewe alinipigia kuniuliza pistoni zetu ni za saizi gani.